Kazi ya Shubiri Moja

Sifu Leong alikuwa amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote ambaye Sesilia alipata kumjua. Alikufa kwa kisu, kwa risasi, kwa kutupwa kisimani. Mara moja alikufa kwa kupaliwa na wali, na hicho ndicho kifo alichokipenda kuliko vyote, kwa sababu watu walicheka mpaka mwili wake ukatolewa ukumbini. Baadhi ya vifo hivyo vilitokea jukwaani. Vingi vilitokea katika filamu za Kikantoni zilizopigwa Hong Kong kabla ya vita, na katika filamu hizo haikubaki hata moja. Utepe wa filamu za enzi zile huwaka kama nyasi kavu. Usioungua uliyeyushwa.

Hapo ndipo penye tatizo. Sesilia alitoka Morogoro, akasomea sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akapata ufadhili wa shahada ya pili Guangzhou, China. Baada ya kuhangaika na lugha, alichagua mada ambayo wenzake waliiona ni ya kujitafutia taabu: waigizaji wadogo wa jukwaa na filamu za mwanzo. Hakuwataka mashujaa wala warembo. Alimtaka mhudumu wa mgahawa, mwizi, shangazi mkali, mlevi, maiti. Yule ambaye mtazamaji humtambua sura asimjue jina. Mashujaa walikuwa na vitabu vyao. Leong alikuwa na mdomo wake tu.

Mdomo huo, kwa kweli, ulikuwa hazina. Mzee, ambaye wote walimwita Sifu, yaani fundi mwalimu, alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, akiishi peke yake katika chumba cha chini huko Xiguan, mtaa wa kale wa magharibi ya jiji. Alisema alitolewa kwao akiwa mtoto, akapewa kundi la opera lililozunguka mito ya delta kwa mashua zilizopakwa rangi nyekundu. Kwa kuwa alikuwa mwepesi, hawakumfundisha kuimba. Walimfundisha kuanguka, kubingirika na kuwa mnyama. Sinema za sauti zilipoingia akaenda Hong Kong, kwenye studio zilizohitaji watu wa kuanguka. Baada ya vita alirudi Guangzhou, akaingia kundi la serikali. Kisha ikaja miaka ambayo opera ilipigwa marufuku, naye akabeba matofali. Kuhusu matofali hakuwa na la kusimulia.

Kuhusu birika la chai alikuwa nalo, na alilisimulia kila mara. Katika filamu moja, nyota wa kiume alikuwa mezani akimtongoza nyota wa kike, na katika kuinua mkono akalipiga birika, chai ikamwagika. Utepe ulikuwa ghali; kurudia ni hasara. Leong, aliyekuwa mhudumu na hakutakiwa kuonekana katika tukio lile, akajitokeza kutoka pembeni, akafuta meza kwa mkono wa kanzu yake, akamtazama nyota kama mtu aliyezoea kumfutia mteja huyo kila siku, akaondoka. Watazamaji wakafikiri iliandikwa vile. Tangu hapo, alisema, yule nyota hakukubali filamu bila mhudumu wake.

"Kazi ya mwigizaji mdogo ni hiyo," alikuwa akimalizia. "Kubeba kosa la mkubwa, mpaka lionekane ndilo lililokusudiwa."

Sesilia alimpelekea kisa hicho msimamizi wake, Mwalimu Tam, mtu mkavu mwenye miwani minene.

"Nani mwingine aliyekuwapo?" aliuliza Mwalimu Tam.

"Wamekufa wote."

"Filamu?"

"Hakuna."

"Basi unaweza kuandika kwamba amesema. Huwezi kuandika kwamba alifanya. Na sura nzima ya tasnifu yako inasimama juu ya ufundi wa mtu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona akifanya kazi."

Sesilia hakukasirika, kwa sababu alikuwa na mawazo hayohayo. Alikuwa mtu ambaye, akiambiwa mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani kwanza. Alimpenda mzee, lakini kupenda si ushahidi.

Ndipo ikaja habari ya ukumbi.

Mtaa wa Sifu Leong ulikuwa umejengewa ukumbi mpya, wenye jukwaa la mbao ambalo hakuna mchezo uliowahi kuchezwa juu yake. Na jukwaa la namna hiyo, kwa watu wa opera ya Kikantoni, ni hatari. Panakaa Chui Mweupe: si chui wa madoa wa kwetu, bali yule mkubwa mwenye milia. Asipofungwa kabla ya onyesho la kwanza, atauma watu: atakayeteguka, atakayepoteza sauti, atakayefiwa. Kwa hiyo, kabla wageni hawajafika, milango hufungwa, kundi hukusanyika nyuma ya jukwaa, na hakuna anayeruhusiwa kutoa neno. Jemadari wa Mbinguni mwenye uso mweusi huja na nyama mbichi ya nguruwe kama chambo. Chui hutoka, huipigania, hushindwa, hufungwa mnyororo na kupandwa mgongoni. Baada ya hapo ndipo midomo hufunguliwa. Atakayesema kabla, nuksi ya chui ni yake. Na pengine ni ya wote.

Chui huchezwa na mwigizaji mwenye nafasi ndogo kuliko wote. Leong alikuwa chui tangu ana miaka kumi na sita.

"Mara hii pia nitakuwa mimi," alimwambia Sesilia. "Vijana wamejifunza kwa kuambiwa. Mimi nimekuwa ndani ya ngozi."

Mkuu wa kundi la opera la mtaa, Bibi Fong, mwanamke mnene, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, alimjaribu uani kwake. Jemadari angekuwa Wai, karani wa benki mwenye sauti ya radi. Sesilia alikaa kwenye kigoda akitazama. Mzee alitambaa uani bila vazi, kwa mikono na miguu, polepole mno.

"Nitamkamata kabla hajafika popote," alisema Wai. "Sifu, chui wako kachoka."

"Chui hana haraka," alisema Leong, akiwa bado chini. "Mwenye haraka ni anayemwona."

Bibi Fong alifikiri. "Sifu, sikiliza. Yule bwana wa ofisi ya wilaya anataka utepe wa ufunguzi ukatwe na nyimbo ziimbwe, basi. Mambo haya anayaita ushirikina. Nimemwomba saa moja, milango ikiwa imefungwa. Nitakupa saa hiyo. Lakini kikiharibika kitu chochote, siwezi kuomba tena. Tutafungua kumbi kwa mkasi kama wengine, na ngozi ya chui itarudi ghalani moja kwa moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Ni haki."

Sesilia naye alielewa. Saa hiyo moja ndiyo pekee iliyobaki ya kumwona mzee akifanya kazi, na ikipita bila kurekodiwa, ingekuwa sawa na filamu zilizoungua. Alihitaji kamera.

Mwenye kamera alikuwa Ameir, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyepanga chumba katika hoteli ndogo mtaa wa Xiaobei. Alikuja kununua feni, zipu na vyombo vya plastiki, na safari hii alikuwa na kamera ya video aliyoagizwa na mpiga picha wa harusi wa Darajani. Waswahili walikuwa wachache bado mjini wakati ule. Waliojuana walisaidiana bila kuulizana sana.

"Kamera ni ya mwenyewe," alisema Ameir. "Lakini mtu huijaribu mali kabla ya kuibeba, sivyo? Nitaijaribu kwa babu yako."

Sesilia aliwakutanisha asubuhi moja katika nyumba ya chai. Mzee aliongea Kichina chenye lafudhi nzito ya Kikantoni, Ameir Kichina cha sokoni ambamo kila mtu ni laoban, yaani bosi, na Sesilia akawa kati yao kama daraja. Mhudumu alipita na kitoroli chake, akamwekea Ameir kikapu cha mvuke mbele yake.

"Kaka Ameir, hiyo nguruwe," alisema Sesilia kwa Kiswahili.

Ameir hakupiga kelele. Bega lake la kushoto lilirudi nyuma kwanza, kiuno kikafuata, miguu mwisho. Kiti kikasogea kigae kizima. Uso wake ulibaki na tabasamu la adabu.

Sifu Leong aliweka kikombe chini. Kisha, pale kitini, alifanya vilevile: bega, kiuno, miguu, na lile tabasamu juu yake. Meza tatu za jirani zikaangua kicheko.

"Dada Sesilia, mwambie babu yako asinichezee. Mie mtu mzima."

"Anakusifu. Anasema wengi hurudi nyuma kwa uso. Wewe umerudi kwa bega."

"Hiyo nayo ni sifa?"

Sesilia alimfasiria mzee. Mzee alikisukuma kile kikapu mbali, kwa heshima, akasema: "Uso umefundishwa kudanganya tangu utotoni. Bega hakuna anayelifundisha."

"Na huyu ndiye chui?" Ameir alinong'ona. "Yakhe, akivunjika nani ataulizwa?"

Siku ya ukumbi, Sesilia alimpigia simu Ameir hotelini mapema.

"Milango itafungwa, lakini wa nyuma nimeomba usikomewe kwa ajili yako. Washa kamera tangu mlangoni. Na ukishaingia, usiseme neno. Wala jina langu usilitaje. Mpaka chui afungwe."

"Bubu."

"Bubu kabisa, kaka Ameir. Kuna mtu atakosa kazi yake ya mwisho kwa neno moja."

"Dada, mie nimeishi kwa wakwe. Kunyamaza nakujua."

Ameir alichelewa. Barabara ya Huanshi Zhonglu ilikuwa imejaa magari, teksi ikajikokota toka Xiaobei. Nyuma ya jukwaa kila kitu kilikuwa tayari. Karatasi za manjano za kinga zilikuwa zimebandikwa milangoni. Wapigaji ngoma na matoazi walikaa na vyombo vyao mapajani. Waigizaji, wengi wao wazee wastaafu, walisimama ukutani wamefumba midomo. Wai alikuwa Jemadari kamili: uso wa masizi yanayong'aa, bendera mgongoni, mjeledi mkononi. Karibu na mlango wa kuingilia jukwaani, juu ya sinia, palikuwa na pande la nyama mbichi yenye ngozi na mafuta yake, limefungwa uzi mwekundu. Sifu Leong alipiga magoti pembeni, ndani ya ngozi yake ya chui, kichwa kikubwa cha karatasi kimemfunika mpaka mabegani. Hakuna kiungo chake kilichoonekana. Bibi Fong aliinua kidole. Alitaka kutoa ishara ya kuanza.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ameir aliingia, kamera begani, taa yake nyekundu ikiwaka. Mbele yake waliketi na kusimama watu wasiopungua ishirini, wengi wao wenye mvi, wote wakimtazama, na hakuna aliyesema kitu.

Mtu wa Zanzibar anaweza kuvumilia mengi. Kuingia penye wazee akapita kimya kama mwizi, hilo hakulelewa nalo. Sesilia aliona kifua cha Ameir kikijaa hewa, akajua. Alimpungia mkono kwa nguvu: acha! Ameir akaona anakaribishwa. Kumpigia kelele hakuweza, maana kelele ingekuwa kosa lilelile.

"Asalaam aleikum," alisema Ameir, kwa sauti ya mtu aliyefunzwa adabu akafunzika. Na kwa kuwa hakuna aliyeitikia, alidhani hawakufahamu, akawaambia "hujambo" kwa lugha yao, akigeuka kulia na kushoto ili asimwache mtu: "Ni hao, laoban. Ni hao, laoban. Ni hao."

Mpiga matoazi aliyalaza matoazi yake mapajani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Mama mmoja alijiziba masikio. Wai alitazama mlango wa jukwaa, akamtazama Bibi Fong, akatikisa kichwa na kurudi hatua mbili. Wa kwanza kukanyaga jukwaa baada ya sauti ile hangekuwa yeye. Bibi Fong alibaki na kidole chake hewani. Kisha kile kidole kikaanza kushuka, na Sesilia akaelewa kwamba kikifika chini, jambo limekwisha: utepe, mkasi, na ngozi ghalani.

Kichwa cha chui kiligeuka.

Kichwa tu, mwili haukusogea. Kilimtazama Ameir muda mrefu kiasi cha kila mtu kuona nani anatazamwa. Kisha mguu mmoja wa mbele ukanyooka kando hadi kwenye sinia, ukalivuta lile pande la nyama, na taya za karatasi zikalibana. Chui akainuka, akazunguka hadi upande wa mlango wa nyuma, Ameir akigeuka kumfuata kwa kamera, na kutoka huko akaanza kumwendea mgeni. Alikwenda vilevile kama alivyokwenda uani, bila haraka hata kidogo.

Ameir hakuogopa. Alikuwa ameambiwa habari za chui, naye alitabasamu nyuma ya kamera, akimlenga vizuri. Kisha akaona kilichokuwa mdomoni.

Bega la kushoto lilirudi nyuma. Kiuno kikafuata. Miguu mwisho.

Chui akasogeza mguu mmoja, akaijaza nafasi iliyoachwa, akasimama. Nyama ilining'inia shubiri moja mbele ya shati la Ameir. Ameir akarudi tena: bega, kiuno, mguu. Chui akaijaza tena. Ameir alipojaribu kukwepa kushoto, kichwa kikubwa kilikuwa kushoto tayari. Alipojaribu kulia, kilikuwa kulia. Uwazi pekee ulikuwa nyuma, na nyuma ndiko kulikokuwa na mlango wa jukwaani. Hata mara moja nyama haikumgusa. Hata mara moja haikuwa mbali zaidi ya shubiri ile.

Mpiga ngoma, mzee mwenzake Leong, ndiye aliyefahamu kwanza. Mguu wa Ameir uliporudi, akapiga pigo moja. Uliporudi tena, pigo la pili. Matoazi yakainuliwa. Na kwa mapigo hayo Ameir akatokea jukwaani kinyumenyume, kamera jichoni, taa nyekundu ikiwaka, akawa kile ambacho kila mtu mle ndani sasa alikiona waziwazi: yule aliyesema, na chui aliyekuja kumdai.

Wai naye aliona. Juu ya jukwaa palikuwa na mtu na mnyama. Jemadari alikuwa na kazi. Akatoka kwa ngurumo, bendera zikipepea, akamwacha Ameir nyuma yake. Chui akaitupa nyama, akageuka. Walizunguka, mjeledi ukapiga mbao, chui akaviringika mara moja, kwa uzito, mviringiko wa mtu wa miaka sabini na minane ambaye anajua mifupa yake yote kwa majina, na aliposimama mnyororo ulikuwa tayari kati ya taya zake. Jemadari akampanda bila kumlalia. Wakatoka.

Ameir akabaki peke yake katikati ya jukwaa jipya. Kamera ilikuwa bado jichoni.

Walimvua mzee kichwa cha chui, wakampa kiti na kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na pumzi ilimtoka kwa vipande. Bibi Fong alifungua kinywa wa kwanza, kama desturi ilivyomruhusu sasa.

"Sifu. Zamani ilikuwa hivi?"

"Siku zote," alisema Leong. "Lazima awepo mgeni anayesema. La sivyo chui amtokee nani? Vijana mmesahau."

Bibi Fong alizaliwa kwenye familia ya opera. Baba yake, na baba wa baba yake, walifungua majukwaa kabla ya kuwapo ukumbi wowote wa saruji. Alimtazama mzee kwa makini.

"Ndiyo," alisema hatimaye, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Vijana wamesahau. Fungueni milango."

Nje, penye jua, Sesilia alimshika Ameir mkono. "Nilikwambia usiseme!"

"Nisiseme, ndiyo. Salamu ni kusema? Ungeniambia nisisalimie, ningekuuliza ni watu gani hao."

Sesilia alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuhesabu salamu kuwa maneno.

Kesho yake, alasiri, walikaa watatu katika chumba cha Ameir hotelini Xiaobei, kati ya maboksi ya feni. Ameir alikuwa amepika wali wa nazi kwa jiko dogo ambalo hoteli haikuruhusu. Aliunganisha kamera na televisheni. Sifu Leong alivaa shati safi, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kama mtu aliyefika kwa daktari.

"Sifu, tayari?" aliuliza Sesilia.

"Sijawahi kujiona," alisema mzee.

"Katika filamu zote zile?"

"Filamu moja ikionyeshwa, mimi nilikuwa studio nikianguka katika nyingine. Mara moja nilikata tiketi, nikakaa mbele kabisa. Mwendesha mashine alitaka kuwahi nyumbani, akaruka utepe mmoja. Ndio niliokuwamo." Alicheka kidogo. "Watu hawakugundua. Hapo ndipo nilipojua mimi ni mwigizaji wa namna gani."

Ameir akabonyeza. Palionekana sakafu, viatu, ukuta. Sauti yake ikasikika ikisalimu, na hapo Ameir alijifunika macho. Kisha kichwa cha chui kikageuka, na tangu hapo hakikutoka tena katikati ya kioo.

"Na huyu bwana mweusi," alisema Ameir Jemadari alipotokea, "mwenyeji wa wapi? Tabora?"

Sesilia alisogea karibu na kioo. Alikuwa akitazama ile nafasi kati ya nyama na kamera. Aliomba sehemu ile irudishwe, akaitazama tena. Pale ambapo Ameir alirudi kwa haraka, mguu wa chui ulirefuka; pale aliposita, ulisita. Hakuna aliyempangia mzee mwendo huo. Mtu wa kupangiwa naye alikuwa hajui kwamba anaigiza. Utepe haukuthibitisha habari za birika la chai. Jambo hilo aliliweka wazi akilini mwake. Lakini ulithibitisha kwamba palikuwapo, katika jiji hili, mtu anayeweza kulifanya, na kwamba alilifanya kwa namna ileile aliyoieleza. Hilo Mwalimu Tam angelitazama kwa macho yake. Hilo lingeweza kuandikwa bila neno 'amesema'.

"Mguu wa kulia umechelewa," alisema Sifu Leong.

"Wapi?" aliuliza Sesilia.

"Hapo. Rudisha."

Ameir akarudisha. Mzee aliinama karibu na kioo, akatazama mguu wake wa kulia ukichelewa, kwa ukali wa mwalimu anayemtazama mwanafunzi mzuri. "Rudisha tena," alisema, na safari hii hakutaja mguu. Akatazama tu.

"Mwambie, dada," alisema Ameir, "kwamba ile nyama ingenigusa tungekosana."

Sesilia akafasiri.

"Haikukugusa," alisema mzee.

"Ilibaki shubiri moja!"

"Hiyo shubiri moja ndiyo kazi yangu."

Ameir aliifikiria, akacheka, akampakulia mzee wali zaidi. Sesilia alingoja mpaka sahani ikae vizuri mkononi.

"Sifu, yule mgeni anayesema. Uliponieleza mara zote, hakuwapo."

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nitaiandika."

Mzee alitafuna taratibu. "Wewe uliona nini?"

"Niliona umebeba kosa la mtu mwingine mpaka likawa ndilo lililokusudiwa."

"Basi andika ulichokiona," alisema Sifu Leong. "Niliyomwambia Bibi Fong ni ya Bibi Fong. Anajua, na anajua kwamba najua."

Simu ya chumbani ililia. Alikuwa Bibi Fong mwenyewe, amepewa namba na Sesilia asubuhi. Sesilia alisikiliza, akajibu ndiyo mara kadhaa, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Sifu, kuna ukumbi mwingine unamalizika kujengwa Panyu. Wataufungua masika. Bwana wa wilaya hajasema kitu, na Bibi Fong anasema kutosema kwake ni ruhusa. Anakutaka uwe chui, na kabla ya hapo uwafundishe vijana wawili." Akageukia upande wa pili. "Na kaka Ameir, anauliza kama masika utakuwapo. Anasema desturi inataka mgeni anayesema."

"Mie?" Ameir alijigusa kifua. Uso wake ulijaribu kukataa, lakini bega lilikuwa limesogea mbele. "Masika nitakuwapo, inshallah, narudi kufuata feni. Mwambie nakubali. Ila nyama iwe ya mbuzi."

Sesilia akamfasiria mzee. Sifu Leong aliacha kula, akalitafakari sharti hilo kama fundi anayepimiwa mbao fupi.

"Kwa mbuzi hatarudi nyuma," alisema. Akamtazama Ameir toka begani hadi miguuni, na macho yakaanza kumcheka. "Basi. Itabidi aigize."